Jina Asilowahi Kuliita

Dada yake Abdulghani aliitwa Sikujua, na jina hilo lina kisa chake. Mama yao alikuwa ameshaambiwa na kila mkunga wa Ngamiani, pale Tanga, kwamba kizazi kimefunga. Akakubali, akaacha kuhangaika kwa waganga, akakaa zake uani akisuka ukili. Siku zikaenda, tumbo likaanza kumsumbua. Akanywa mwarobaini, akakandwa kwa maji ya moto, wapi! Alfajiri moja mtoto akatoka juu ya mkeka ambao hata kushonwa ulikuwa haujesha. Majirani wakajaa mlangoni na midomo yao: mwenzetu ulituficha nini, kwani sisi wachawi? Naye kila aliyemuuliza alimjibu neno moja tu, sikujua jamani, sikujua. Mzee Uweso aliporudi kutoka bandarini akauliza mtoto anaitwa nani, akaambiwa humu ndani tangu asubuhi limesemwa neno moja. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamwadhinia mtoto sikioni, na jina likakaa.

Abdulghani naye alikuja kwa kushtukiza hivyo hivyo, baadaye sana, Sikujua ameshakuwa msichana wa kutumwa sokoni peke yake. Safari hii mama yao hakupona uzazi. Basi Sikujua ndiye aliyembeba mgongoni yule mtoto, ndiye aliyemkorogea uji, ndiye aliyemtia makofi alipokimbia madrasa na ndiye aliyemficha pale baba yao alipotaka kuongeza mengine. Mtoto aliyelelewa hivyo hamwiti mlezi wake kwa jina. Alimwita Dada. Dada ndilo lililokuwa jina lake kinywani mwake na kichwani mwake, akiwa mdogo, akiwa mkubwa, akiwa na mvi. Ungemwamsha usingizini ukamuuliza dadako anaitwa nani, angekujibu Dada, kisha ndipo aanze kufikiri. Hilo nawaombeni mlishike, maana ndilo lililokuja kututoa machozi.

Mzee Uweso alipofariki, palizuka maneno juu ya ile nyumba ya Barabara ya Kumi na Mbili, Dada akaitwa ofisini alete ushahidi kwamba ni yao. Ushahidi ulikuwa huko huko ofisini, ndani ya jalada. Njoo kesho. Njoo wiki ijayo, mwenye ufunguo kasafiri. Alikwenda mpaka ndara zikapasuka, akimkokota mdogo wake kwa mkono kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Mwisho karani mmoja akafungua kabati, akavuta jalada, likamwagika chini unga mtupu. Mchwa walikuwa wamelimaliza. Karani akasema pole bila kuinua macho, na Dada akalia pale pale mbele ya watu. Abdulghani alimwambia njiani kwamba yeye akiwa mkubwa atayachoma makabati yote ya serikali. Dada akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akamwambia fanya hima ukue basi, miguu yangu imechoka.

Na kweli alikua. Nyumba ilinusurika kwa huruma ya mashahidi wazee wa mtaani, na ukili wa Dada ukamsomesha mpaka akafika ng'ambo. Alirudi na elimu ya kompyuta wakati maofisi yetu mengi bado yanafunika kompyuta kwa vitambaa kama televisheni ya bibi harusi. Akaingia serikalini, akadharauliwa, akahamishwa, akaitwa kichwa kigumu, akashikilia lile lile: karatasi zitoke. Alizunguka nchi nzima akiingiza majalada kwenye mashine, wilaya baada ya wilaya, akipumua vumbi hadi akapata kikohozi ambacho hakijamtoka. Mwisho wake ukawa Daftari Moja, mfumo uliokusanya vizazi, vifo, ndoa na nyumba mahali pamoja, ukiweka kidole kwenye kioo unajulikana wewe nani, mwana wa nani, unakaa wapi. Yeye ndiye Mkurugenzi wake. Kila hotuba aliimaliza kwa maneno yale yale, kwamba mwananchi asiulizwe mara mbili yeye ni nani. Watu walipiga makofi. Hawakujua kwamba maneno yale yalitoka kwa mwanamke wa Ngamiani mwenye ndara zilizopasuka, na kwamba akiyasema humwona yeye.

Sasa njooni kwenye kile kikao cha Dodoma. Serikali ilikuwa imeshachoka na wafanyakazi hewa, ikataka na Daftari Moja lisafishwe, majina yasiyo na watu yatolewe. Zabron, kijana wa takwimu, mwerevu na mwenye adabu, akawasha picha ukutani kuonyesha uchafu ulioingia kutoka kwenye karatasi za zamani. Mahali pa jina makarani walikuwa wameandika Hakuna. Pengine Hajulikani. Pengine Sijui, pengine Hakumbuki, pengine Sikujua. Chumba kizima kikaangua kicheko. Abdulghani aliweka miwani juu ya meza, akafuta macho, akasema huyu karani naye, mtu anaulizwa jina anajibu sikujua, na yeye anaandika tu! Wakacheka upya. Zabron akapendekeza kwamba rekodi yoyote yenye neno la namna ile mahali pa jina ihesabiwe hewa, ifungwe, isisomeke popote. Mkurugenzi akatia sahihi. Katika chumba kile mtu wa pwani alikuwa mmoja, naye ndiye aliyecheka zaidi.

Subhana Allah. Neno alilisoma kwa macho yake mawili, na halikumgusa popote.

Haikupita muda mrefu Dada akampigia simu kumwambia kitambulisho chake hakisomi pale zahanati. Abdulghani alikuwa anaingia mkutanoni. Akamwambia akifute kwa kitambaa kikavu, kikigoma aende ofisi ya kata. Akaenda. Kata wakamwambia ni mfumo. Na hapo Dada alinyamaza, kwa sababu aliona haya kusema mfumo wenyewe ni wa mdogo wangu niliyemlea. Mitaani alikuwa akijivuna naye, akisema Abdu kaziua foleni nchi nzima, ataanzaje leo kulalamika mbele za watu kwamba mashine ya Abdu haimjui? Akawa anakunywa dawa za dukani, akasubiri Abdu akipata nafasi atamuuliza tena. Hakumuuliza.

Dada alikuwa na mtoto mmoja, Najat, aliyempata ukubwani, na Najat alimkosea. Alikuwa ameposwa na mtu wa Chumbageni, mkeka umeshatandikwa kwa maneno, yeye akaondoka akaolewa Mombasa na fundi umeme aliyeitwa Yasini. Yasini hakuwa na ubaya wowote, watu wote walikuja kulikiri hilo, lakini Dada aliona ameaibishwa mbele ya Ngamiani nzima. Akasema Najat asikanyage mlango wake. Tangu hapo salamu zilipita kwa watu. Wajukuu waliletwa kuonyeshwa, mama yao akibaki kwa jirani, na Dada akiwapakata akiuliza mama yenu anakula vizuri lakini. Ukaidi ule ulimla yeye mwenyewe kuliko ulivyomla Najat, ila hakujua namna ya kuushusha.

Halafu Najat akaugua figo. Wiki ile Abdulghani alikuwa Tanga, amekuja kuwaonyesha wakubwa jinsi Daftari Moja linavyofanya kazi, amefikia kwa Dada kama kawaida yake. Wakiwa kwenye chai ya asubuhi Yasini akapiga simu. Alisema waganga wa hospitali wamekwishanyoosha mikono, Najat anapotea na kurudi, na kila akirudi anamtaka mama yake, anataka radhi. Dada alisimama kikombe kikiwa mkononi. Abdulghani akamwambia aseme naye basi, amtamkie radhi hiyo hiyo saa hiyo, Yasini amwekee simu sikioni.

"Radhi si vocha, Abdu," Dada alisema. "Nilimfukuza kwa mdomo wangu mbele ya uso wake. Nitamwekea mkono kichwani, nimtamkie, anione."

Akaingia chumbani akatoka na kikapu, ndani mna doti mpya ya kanga, kipande kimoja chake na kimoja cha Najat. Alikuwa ameinunua zamani, imekaa sandukuni mpaka imeshika harufu ya udi. Akasema amwite Masoud. Masoud alikuwa mtu wa bodaboda mwenye asili ya kule mpakani, ndugu zake wako pande zote mbili, na wenyeji wenye harusi au msiba upande wa pili walipanda pikipiki yake wakapita njia za vichakani, wakarudi jioni, wala hakuna aliyeona ajabu. Hapo Mkurugenzi wetu ndipo alipoingiwa na ukubwa. Dada yake yeye apenyezwe porini kama gunia la magendo? Gari ipo, na Horohoro mpakani kuna dirisha, anaweka kidole, anaandikiwa hati ya dharura ya kuvuka, dakika chache wako ng'ambo. Akasema Dada, leo utapita mlango wa mbele, uone nilichokuwa nakifanya miaka yote hii. Dada akamtazama kwa mapenzi. Akasema haya, twende nikione.

Walipita Mabokweni, wakapita Duga, Dada amekaa mbele ameshika kikapu mapajani, midomo inacheza kwa dua. Njiani alimwambia mdogo wake kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu, kwamba amemsamehe Najat zamani, tangu alipomzaa mtoto wa kwanza, ila alingoja aombwe. Sasa ameombwa, akasema, na miye sina budi ila kufika. Abdulghani alimwambia watafika.

Dirishani alikaa binti mmoja wa kutoka Lushoto, Benedikta, mwenye sauti ya upole. Akamwamkia Dada shikamoo mama, akamwelekeza kioo, Dada akaweka kidole. Mashine ikafikiri. Benedikta akamwomba akifute kidole, ajaribu cha pili. Akajaribu cha tatu. Abdulghani alikuwa amesimama nyuma akitabasamu kama mtu anayeonyesha nyumba yake mpya. Benedikta akainua uso, akasema kwa kuona haya kwamba mama huyu mfumo unamsoma kuwa rekodi hewa.

"Hewa maana yake nini?" Dada aliuliza.

Benedikta akaeleza kwa kuzungukazunguka kwamba ni mtu ambaye yumo lakini hayumo, jina lisilo na mwenyewe. Dada akajitazama mikono, akawatazama wao, akasema mbona miye nipo. Benedikta akasema hata yeye anamwona yupo. Zamani barua ya mwenyekiti wa mtaa ingetosha, lakini waraka wa Daftari Moja uliifuta, mtu asiyesomeka haandikiwi hati. Hakusema waraka ule una sahihi ya nani. Mwenye sahihi alikuwa mbele yake.

Abdulghani alitoka nje kupiga simu, Dada akakaa kwenye benchi la saruji kando ya ukuta. Zabron alipokea haraka. Mkurugenzi akamwambia kuna kosa, afungue rekodi ya dada yangu sasa hivi. Zabron akaomba jina. Ndipo, kwa mara ya kwanza baada ya sijui miaka mingapi, Abdulghani akalazimika kulitafuta kichwani jina la dada yake, akalipata, akafungua mdomo kulisema. Ukuta wa Dodoma ulimrudia wote, na kicheko chake mwenyewe akakisikia. Alilitaja kwa herufi moja moja, kama anayemtajia mgeni. Upande wa pili Zabron akasema polepole, "Mkurugenzi, hilo ndilo lile."

Ndiyo, ndilo lile.

Zabron alifanya yake yote bila kuchelewa. Lakini rekodi iliyofungwa kwa uhewa ikifunguliwa haisomeki papo hapo. Inalazwa kwanza, karibu mchana mzima, wakaguzi waione, ndipo irudi kazini. Abdulghani ndiye aliyeliweka sharti hilo, kwa mikono yake, ili asije karani akala rushwa akamwingiza mtu asiyestahili na kumvusha kabla hajagundulika. Alisifiwa kwa hilo, alipewa na tuzo. Sasa akamwambia Zabron aliruke. Zabron akasema hakuna pa kurukia. "Kitufe hicho hakipo, Mkurugenzi. Ulisema tusikiweke, hata kwa ajili yako."

Akawapigia wakubwa. Mmoja alikuwa angani kwenye ndege, mwingine simu yake inaita tu. Aliyepatikana alimpa pole na kumkumbusha kwa heshima kwamba mfumo unafanya kazi sawasawa. Jua lilipanda. Yasini akapiga, akasema Najat amefumbua macho, ameuliza mama kafika wapi. Dada akamjibu kwamba niko mlangoni.

Masoud alikuwa kijiweni pale na pikipiki yake, ameleta abiria. Alimfahamu Dada toka mbali, akaja akamwamkia, akasikiliza kisa, akatikisa kichwa. Akasema mama panda, tupite kule nyuma ya michongoma, chai haijapoa uko Lungalunga, upande wa pili, na kutoka pale magari ya Likoni ni mengi. Dada akainuka. Kikapu kilikuwa kimeshaingia mkononi, na mguu mmoja umeshapiga hatua.

Abdulghani akamshika mkono. Na hapa sitamtetea, maana hata yeye hajitetei. Aliogopa, na alichokiogopa zaidi ya askari wala sheria ni aibu. Aliona mbele yake maneno ya watu, kwamba Mkurugenzi wa Daftari Moja kaja Horohoro kumvusha dada yake kwa njia za panya. Aliona kazi ya maisha yake ikigeuzwa mzaha vijiweni. Na pamoja na hayo aliamini, Mungu ndiye shahidi, kwamba mmoja wa wale wakubwa atapokea simu sasa hivi na mambo yatakwisha.

"Nipe saa moja tu, Dada," alisema. "Saa moja, nakuomba. Nitakuvusha kwa jina lako."

Dada aliitazama pikipiki, akamtazama yeye. Angeweza kumpuuza. Alimpiga makofi mtu huyu alipokuwa mdogo, angeweza kumpiga na leo, akapanda zake akaenda. Lakini hakuwahi kumnyima kitu alichoomba kwa sauti ile, tangu siku za uji. Akamwambia Masoud asante mwanangu, akarudi kwenye benchi, akakaa. Masoud alisubiri kidogo, kisha akapata abiria mwingine, akaondoka.

Saa ile ikapita na nyingine ikaifuata. Abdulghani alikuwa akitembea na simu sikioni huku na huko kwenye ule uwanja, suti imelowa jasho mgongoni, akisema tafadhali kwa watu ambao jana walisimama alipoingia. Alikuwa akirudi dirishani kila mara, na Benedikta akijaribu upya bila kuombwa, na mashine ikijibu lile lile. Dada alifungua kikapu, akatoa kile kipande cha Najat, akakikunjua na kukikunja upya mapajani. Adhana ya adhuhuri ilipotoka kwenye msikiti wa jirani, aliomba simu.

Akampigia Yasini mwenyewe. Akamwambia baba, mwekee mkeo simu sikioni, miye nimecheleweshwa. Yasini alisikika akipumua, kisha kukawa na sauti ya kitu kinachosogezwa juu ya shuka. Dada akaanza kusema. Alisema Najat, mwanangu, mimi mama yako. Akasema nimekuradhi duniani na akhera, maziwa niliyokunyonyesha ni halali yako, na ule mlango niliokufungia nilikaa nyuma yake miaka yote nikisikiliza kama utagonga. Akasema nisamehe na weye, mwanangu, nilikuwa na kiburi. Akasema nimekuletea kanga, ya rangi unayoipenda. Alisema polepole, hakuruka neno, kama anayemwimbia mtoto alale. Abdulghani alisimama ameegemea nguzo, hawezi kusogea.

Alipomaliza akangoja. Akauliza, amenisikia?

Yasini alikuwa analia. Alisema mama, Najat alitangulia kabla ya adhana, nami nilikuwa nashika simu nikupigie ndipo ukapiga. Akasema hakuweza kumkatiza. Akasema aliiweka simu sikioni mwake hivyo hivyo, maneno yote yameingia kwake, na kwamba maiti itasubiri, hakuna atakayemwosha ila mama yake.

Dada aliirudisha simu kwa mdogo wake. Hakupiga ukelele. Alijifunika ile kanga ya Najat kichwani mpaka chini ya kidevu, akainama, na mabega yake yakaanza kutikisika, na yakatikisika muda mrefu. Benedikta alitoka ofisini akaja akakaa ubavuni mwake akamshika, Mluteri wa milimani, akilia na yeye kama aliyefiwa. Abdulghani alikaa chini kwenye saruji, hakumgusa. Aliona hana mkono wa kumshikia.

Alasiri ilipokaribia, Benedikta alirudi dirishani, na baada ya kitambo akatoka na karatasi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mheshimiwa, limesoma, jina limerudi. Hakuna aliyefurahi. Ilikuwa hati ya dharura, imeandikwa jina la Dada kamili, lake na la baba na la babu, na picha yake juu. Dada aliipokea akaisogeza mbali na macho, kama wafanyavyo wazee, akaisoma.

"Ndiyo miye huyu sasa?" aliuliza.

Benedikta akasema ndiye wewe, mama. Dada akaikunja akaifunga kwenye pindo la kanga, akaweka kikapu mkononi, akasimama. Alikuwa anakwenda kumwosha mwanawe. Akashika ukuta, akajikaza.

Abdulghani alimwendea. Yule mtu wa hotuba, aliyezoea kusema mbele ya mawaziri bila kuangalia karatasi, alipiga magoti pale kwenye saruji mbele ya madereva wa malori na wabeba mizigo, akashika miguu ya dada yake juu ya ndara. Alikuwa na mengi ya kumwambia. Alitaka kumwambia juu ya ule ukuta na neno lililokuwa juu yake, na jinsi alivyocheka. Alitaka kumwambia juu ya simu aliyomjibu haraka haraka, eti afute kwa kitambaa kikavu. Alitaka kumwambia juu ya ile saa moja, kwamba aliiomba kwa ajili yake mwenyewe na si kwa ajili ya Najat. Yote yalimjaa kifuani yakagombea mlango, na likatoka moja.

"Sikujua," alisema.

Umri wake wote Dada alikuwa hajawahi kulisikia jina lake kutoka kinywani mwa mtu huyu. Akainama akamtazama kwa yale macho yaliyovimba, akaweka mkono wake juu ya mvi zake, pale alipokuwa amekusudia kuuweka kwa mwingine, na kama mama yao alivyomfundisha, kwamba ukiitwa huitika hata ukiwa na mzigo gani, akaitika.

"Abee."